Shibri Niliyoiacha Inanata

Hapana, Somoe, shibri ile sikuiacha kwa uvivu. Umesimama mlangoni asubuhi yote na tambara begani, unaniambia mtu anayeondoka kazini hamwachii mwenzake fimbo chafu, na kwamba Bi Hadija wa jikoni naye kasema hivyohivyo. Bi Hadija anajua vizuri kwa nini ni chafu. Anapenda tu kusikia watu wawili wakibishana huku yeye anachagua mchele. Fimbo nzima inateleza kama kambale, ni kweli, halafu juu kidogo ya mahali pa kushikia kuna shibri moja, upana wa mkono uliotanuliwa, imefungwa kitambaa cha kaniki, na ukikifungua vidole vinaganda. Niliiacha makusudi. Ningeisafisha wakati ule, Mjomba Saidi asingekuwepo leo kulalamikia magoti yake.

Umesema pia kwamba mtu hastaafu kabla hajaota mvi. Basi mimi nimestaafu bila mvi. Nimeingia nyumba hii nikiwa sijui kufunga kilemba vizuri, vita vimekuja vimepita nikiwa humu, na sasa naenda Kibiti kufundisha watoto kusoma. Inatosha. Mshahara sikwambii, utaujua mwenyewe na utanuna. Ninakuandikia yale ambayo hakuna aliyeniandikia mimi, na kwa kuwa nimekufundisha kusoma kwa mkono wangu, usilete kisingizio.

Nilichukuliwa kazi kwa sababu ya makopo. Bwana Boriti, ambaye jina lake halisi ni refu na Nyamisati nzima imekataa kulitamka, ananunua boriti za mikoko na kuzipakia melini. Kwenye chumba cha nyuma ana meza ndefu yenye nguo ya kijani, mipira ya rangi, na fimbo za kusukumia mipira mpaka iingie kwenye mifuko ya pembeni. Yeye anauita mchezo huo snuka. Mtu anainama, anafumba jicho moja, anasukuma, kisha anatukana. Ndo mchezo wenyewe, usitafute zaidi. Sasa kwenye kabati la chumba kile kulikuwa na makopo ya kila namna, na aliyekuwepo kabla yangu alikuwa hajui kusoma, akaipaka meza nzima dawa ya kuulia mchwa akidhani ni ya kung'arisha. Bwana Boriti akasema anataka mtu anayejua herufi. Mjomba Saidi, ndugu yake mama, ndiye alikuwa msimamizi wa nyumba, akasema mpwa wake amesoma kwa wamisheni Unguja mpaka wamisheni wenyewe wamemchoka.

Siku ya kwanza Mjomba alinipanga makopo mezani kama mtihani. "Soma hili."

"Mafuta ya kitani."

"Hili?"

"Spiriti. Ya kuwashia na kusafishia."

"Na hili dogo?"

Nikasoma yote, maana maandishi yalikuwa mengi kuliko kopo. Ilikuwa vanishi, na ubavuni waliandika kwamba imetengenezwa kwa sandarusi bora ya Unguja. Mjomba aliangua kicheko mpaka akashika ukuta. "Unguja kuna shimo gani la sandarusi? Nimechimba mimi, huku nyuma ya Kibiti, mgongo ukapinda. Wameipeleka Ulaya, wameichemsha, wameiandika Unguja, wametuletea tena." Halafu akalishika lile kopo kwa mikono miwili, polepole, kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini.

Utamsikia hata wewe akisimulia sandarusi, hana hadithi nyingine. Lakini moja sikiliza. Siku hiyohiyo alinionyesha kipande alichokuwa nacho kwenye mkoba, cha njano, kikiwa na mdudu ndani, miguu yote kamili. Nikamuuliza mdudu kaingiaje kwenye jiwe. Akasema haikuwa jiwe. Ilikuwa utomvu wa mti, laini, mdudu akatua akaganda, utomvu mwingine ukamwagikia juu yake, ndo ukakauka. "Ukimwona mdudu ndani," akasema, "ujue alifika wakati bado inanata." Nilitikisa kichwa tu. Nilikuwa nataka anionyeshe kazi nianze.

Kazi yenyewe alinifundisha kwa kunizuia. Mimi nilitaka kufuta, yeye anasema ngoja. Nilitaka kupaka, anasema ngoja ikauke. Fimbo ziko nne ukutani, tatu za wageni, hizo hata zikipinda hakuna anayelia. Ya nne Bwana Boriti alirithi kwa baba yake: mti mweupe wenye michirizi kama mishale, na kwenye shina umeungwa kwa mpingo. Hiyo usiilowanishe. Ukiipa maji, nyuzi za mti zinasimama kama manyoya ya kuku aliyenyeshewa, na ikikauka vibaya inapinda. Ukitaka kujua kama imepinda, ilaze mezani uiviringishe. Ikienda kimya ni nzima. Ikirukaruka, mjulishe Bwana baada ya chakula, si kabla.

Na usiiegemeze ukutani. Itundike au ilaze. Mjomba alikuwa akikuta fimbo imeegemezwa ananiuliza, "Huyu kachoka?" Mpaka leo nikiona hata mwiko umeegemezwa najisikia vibaya.

Basi, nyonyo. Desturi ya nyumba ilikuwa mafuta ya kitani kidogo sana, tone kwenye kitambaa, unasugua kwa kiganja mpaka mti upate joto, unaiacha ikauke. Mwaka ule wa vita, kabla ya vita vyenyewe, masika yalikuwa mabaya, meli haikuja kwa muda mrefu, na kopo la kitani likaisha. Mimi nilikuwa nimerudi kwa mama, naumwa. Mjomba akaona fimbo ya Bwana inakauka midomo, akaipaka alichonacho. Mjomba ni mtu wa milimani, Mmatumbi hasa, na mtu wa kule mafuta yake ni ya nyonyo, mbegu za mbarika: anapaka magoti, anapaka viatu, anapaka ngozi ya ngoma, anapaka mpini wa jembe. Vyote vinakuwa laini, vinapendeza. Akaona fimbo ni mpini kama mipini mingine. Akaipaka kwa ukarimu, akaitundika, akafunga chumba.

Somoe, mafuta ya kitani hukauka yakawa kama ngozi ya mti. Nyonyo haikauki. Itakaa hapo inakungoja. Kwenye jembe husikii, maana mikono ya mkulima inaifuta kila siku na mchanga unamaliza. Kwenye fimbo iliyotundikwa bila kuguswa, mvua inanyesha, usiku taa inawashwa Bwana akisoma barua zake, kila kinachoruka kinatua pale. Vumbi likaja. Unga wa chaki ya bluu, ile wanayopaka kwenye ncha, ukaja. Nilivyorudi kazini, fimbo ilikuwa ya rangi ya bamia iliyolala. Nahodha wa meli alipokuja, alisukuma mpira mmoja tu mkono ukabaki kwenye fimbo, mpira ukaenda kumsalimia paka. Bwana Boriti hakutukana siku hiyo. Alinipa fimbo akasema, "Hii ilikuwa ya baba." Ni bora angetukana.

Mjomba alipojua kosa ni lake akasema tuirudishe ilivyokuwa, mimi mikono, yeye macho. Nikaanza upande wa ncha. Kazi yenyewe iko hivi. Kitambaa chenye spiriti, kidogo, unafuta kwa kufuata urefu wa mti, usizungushe. Nyonyo inayeyuka kwa spiriti, inatoka na uchafu wake, kitambaa kinakuwa cheusi, unachukua kingine. Mahali pagumu unachukua kipande cha chupa kilichovunjika kwa ukali, unakilaza, unakwangua juujuu, inatoka kama maganda ya kitunguu. Halafu msasa. Majani ya msasa mabichi hayafai, yaanike kidogo. Karibu na ncha pita mara chache, ukiikondesha hakuna dawa ya kuinenepesha. Na ile ngozi ndogo iliyobandikwa juu ya ncha usiiguse na mafuta kamwe.

Mimi nilitaka kumaliza yote kwa siku moja. Mjomba akakataa. "Nusu leo," akasema. "Ipumzike, tuone mti unasemaje. Ukiumia, tutakuwa tumeumiza nusu." Nilinung'unika, nikaenda kuoga nikinung'unika. Nusu ikabaki chafu kuelekea shina.

Wakati huo kipupwe kilikuwa kimeingia na vita vimeanza. Wewe ulikuwa Mbwera, mlisikia kwa mbali. Huku tulisikia kwa karibu. Watu wa milimani walikuwa wameng'oa pamba za serikali, na habari ya maji ilikuwa kwenye kila mdomo: kwamba kuna maji yenye dawa, ukinyunyiziwa risasi ya Mdachi haikupati. Wanaojua walisema maji hayo yanachanganywa nyonyo na mtama. Askari wakaanza kupita nyumba kwa nyumba. Mtu akikutwa na kibuyu cha maji yenye mafuta anapelekwa boma, na waliopelekwa boma hatukuwaona tena. Mjomba nilimwambia abaki ndani. Akanijibu, "Nani atafua matambara yako?"

Asubuhi ile nilikuwa chumbani natafuta majani ya msasa. Mjomba yuko baraza ya nyuma na bakuli la maji, anafua matambara ya jana, nyonyo inaelea juu ya maji duara duara. Fimbo ameilaza mapajani isikanyagwe. Bi Hadija yuko kando yake na ungo. Bwana Boriti alikuwa kwenye mikoko tangu alfajiri. Ombasha akatokea uani na askari wake wawili. Ombasha ni cheo, juu kidogo ya askari wa kawaida, na huyu alikuwa mtu wa bara, Mnyamwezi, mpole wa uso. Mimi niliona yote dirishani.

"Mzee, kabila gani wewe?"

"Mmatumbi, bwana."

Ombasha akatazama bakuli. Akatazama ungo. "Maji," akasema, anakunja kidole. "Nyonyo. Mama, kwenye ungo nini?"

"Mtama," akasema Bi Hadija.

"Na mtama. Kimepungua nini hapa, mzee? Mganga?"

"Kimepungua kuku," akasema Bi Hadija. "Mtama ni wa kuku, na wamekimbia baada ya kukuoneni. Waite uwaulize."

Askari mmoja alicheka akanyamaza. Ombasha akaigusa fimbo, akavuta kidole, kikaja na utando kama wa buibui. Akanusa.

"Hii unaitia dawa."

"Hapana bwana. Inanata. Tunaisafisha."

"Inanata nini?"

Ungekuwa wewe ungesema asali, ungesema ulimbo, ungesema chochote. Mjomba wangu hajui kudanganya, ni kama mtu asiyejua kuogelea. Akasema, "Nyonyo."

"Amepaka nani?"

"Mimi."

"Silaha ya Mzungu unaipaka nyonyo, ili siku ya kupiga isipige."

"Ni ya kuchezea mipira, bwana."

Walimfungia kwenye ghala la boriti kule chini kwenye gati. Ombasha akasema maji yakijaa mashua itaondoka na mzee atakwenda boma, huko ndiko atakakoeleza mambo ya mipira. Fimbo waliiacha barazani. Walikuwa na mtu, hawakuhitaji fimbo.

Nilitoka nikaichukua nikaingia nayo ndani. Nakwambia nilichofikiria kwanza: niifute yote. Spiriti ipo, matambara yapo, kabla maji hayajajaa fimbo ingekuwa nyeupe haina harufu, na ningemwambia ombasha aoneshe hiyo dawa iko wapi. Nikamimina spiriti kwenye kitambaa. Nikafuta mara ya kwanza pale nilipoishia jana. Bi Hadija alikuwa amesimama mlangoni, akasema, "Umpelekee fimbo safi, atauliza ya nini kusafishwa upesi hivyo."

"Sasa nifanye nini, nikae nimwombee tu?"

"Sijui. Mimi napika."

Nikatazama kitambaa. Juu ya ule weusi kulikuwa na kitu kimelala, chembamba, kinaonyesha upande wa pili kama karatasi ya Kurani iliyoshikwa juani. Bawa. Nikaikwangua fimbo kwa ukucha mahali pengine, chini ya vumbi, chini ya bluu ya chaki: bawa jingine, na jingine, yamelala kwa urefu, kumbikumbi kabisa. Mwili mmoja ulikuwepo, mdogo, mzima kama ule wa kwenye sandarusi. Sikumbuki kama nilifunga mlango. Nilikimbia na fimbo begani mpaka gatini, na watu wakanipisha wakidhani ni mkuki.

Ombasha alikuwa amekaa juu ya rundo la boriti anakula muhogo. Kabla sijasema lolote sauti ya Mjomba ikatoka ghalani, kwenye nafasi ya mbao. "Zena, hiyo fimbo mbona umeibeba juani?"

"Mjomba, nyamaza kidogo."

"Jua litaipinda. Nimefungwa, sijafa."

Nikamwekea ombasha fimbo mbele ya miguu. "Bwana ombasha, hili ni bawa la nini?"

Akatazama bila kushika. "Kumbikumbi."

"Kwenu wanatoka lini?"

"Mvua zikianza. Kila mtu anajua."

"Na huku ni hivyohivyo. Saa hizi ni kipupwe, umemwona kumbikumbi wapi?"

Akaacha kutafuna. Nikaendelea, maana mashua ilikuwa imeshaanza kuelea na mimi si mtu wa kungoja. "Tazama walipo. Hawako juu. Juu ni vumbi, chini yake chaki, chini yake vumbi tena, ndo wao. Waliganda mafuta yakiwa mapya. Mafuta yalipakwa masika. Masika kulikuwa na vita?"

"Hakukuwa."

"Basi mzee alikuwa anatia dawa ya vita gani?"

"Wewe binti unaongea haraka sana."

"Maji yanajaa, bwana ombasha."

Alifuta mkono kwenye suruali, akaichukua fimbo, akaielekeza kwenye jua. Akakwangua mwenyewe kwa ukucha mrefu wa kidole kidogo, taratibu, tabaka moja moja, kama anamenya. Akapata bawa. Akalitazama. Akapata jingine. Yule askari aliyecheka alisogea na mwenzake, nao wakainama. Niliwatazama wanaume watatu wenye bunduki wakichokoa uchafu wa fimbo.

"Kwetu hawa tunawakaanga," ombasha akasema mwishowe. "Mabawa tunapeta, miili tunakaanga na chumvi. Mjomba wako kaharibu kitoweo." Akamgeukia askari. "Mtoe mzee."

Mjomba alitoka anapepesa macho. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Umeishika kwa mkono wa jasho." Kisha akakaa palepale kwenye tope la gati na kanzu yake nyeupe, nikakaa naye, na hakuna hata mmoja wetu aliyejali. Bi Hadija alikuwa ameshafika nyuma yangu na mwiko mkononi. Akasema ugali umeungua kwa ajili yetu, akaanza kulia.

Lakini ombasha hakuwa amemaliza. Aliniita pembeni. "Nusu hii umeshasafisha. Hiki kipande kilichobaki usikifute. Mimi nitahamishwa, atakuja mwingine, ataambiwa hapa kuna Mmatumbi alikutwa na nyonyo. Naye atataka kuona. Utamwonesha nini, fimbo nyeupe?" Kisha akasema kila askari watakapopita, mzee ajitokeze mwenyewe, na nyonyo isionekane kwenye nyumba hii mpaka vita viishe.

Bwana Boriti aliporudi na kusikia, swali lake la kwanza lilikuwa fimbo iko wapi. Nikajua tu. Lakini nilipomweleza akampa Mjomba kiti, kiti chake mwenyewe, na akasema nisafishe kote ila shibri moja palipo na kumbikumbi wengi. Nikaifunga kaniki isikusanye uchafu mwingine. Vita vyote amecheza na fimbo ile ina bandeji. Nahodha alimuuliza kama fimbo imejeruhiwa. Bwana Boriti akamjibu ndiyo, vitani.

Na ombasha alisema kweli. Mwaka uliofuata alikuja mwingine, mkali, hasalimii. Alikuwa ameambiwa. Nikaleta fimbo, nikafungua kaniki, Mjomba amesimama mikono nyuma kama mwanafunzi. Yule mtu alikwangua, akanusa, akatazama, akafunga kaniki mwenyewe kwa fundo zuri kuliko langu. Akaenda zake. Fundo hilo ndo unaliona leo. Sikulifungua.

Sasa unajua kwa nini nilikufokea asubuhi ulipolishika na spiriti. Samahani kwa kufoka, si kwa kukunyang'anya.

Na leo alasiri umeona mwenyewe, ila hukujua unachokiona. Mjomba alirudi kutoka gatini anatembea katikati ya njia. Kambi ya askari imevunjwa, wamepanda mashua ya mwisho, na aliyekuwa akiandika majina ya wanaojitokeza kamwambia asihangaike kujitokeza tena, hakuna wa kujitokeza kwake. Alikaa barazani, akanyoosha miguu yote miwili, akavuta kanzu juu ya magoti. Vita vyote magoti yale yamekula mafuta ya nazi na hayajayapenda.

"Bi Hadija," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "nyonyo ipo?"

Nikataka kumziba mdomo. Kisha nikakumbuka. Bi Hadija aliingia jikoni, tukasikia debe la mchele linamwagwa, akatoka na chupa imejaa, vumbi la mchele limeizunguka.

"Ilikuwa humo siku zote?" nikamuuliza.

"Sasa ningeitupa? Ilikuwa nzima."

Askari wamekula wali wa debe lile kila walipopita, Somoe. Wamekula na kushukuru. Nilitaka kukasirika nikashindwa, nikabaki nacheka mpaka mbavu zikauma, na Mjomba alikuwa anapaka magoti yake mchana kweupe, barazani, mbele za watu, harufu imejaa nyumba nzima na hakuna aliyegeuka kutazama njia.

Kwa hiyo shibri ile ni yangu, hutaachiwa. Kesho asubuhi, umande ukishakauka, nitafungua fundo la yule mkali. Spiriti kwanza, kwa kufuata urefu wa mti, kitambaa baada ya kitambaa mpaka kitoke cheupe. Kipande cha chupa palipo pagumu. Msasa juujuu. Nitaipa mafuta ya kitani tone moja, nisugue mpaka ipate joto, na nitangoja ikauke, ndiyo, mimi, nitangoja, kabla sijafunga mzigo wa Kibiti. Wewe utakaa karibu na mwanga uone. Mjomba amesema naye atakuwepo, ashike fimbo upande wa shina isicheze. Nimemwambia anawe mikono kwanza.